Mombasa hadi Malindi kwa Baiskeli: Jua, Maji na Mapumziko ya Adhuhuri

  Leo tunapanda baiskeli, tena si ile ya kwenda dukani na kurudi, bali ile ya safari ndefu, kutoka Mombasa hadi Malindi.

Ukikaa kando ya barabara hiyo wakati wa likizo ya Agosti au Desemba utawaona wakipita. Wengine ni wanafunzi wa vyuo, wengine ni wafanyakazi wa ofisi waliotoka Nairobi au Nakuru, wengine ni wageni kutoka ng'ambo. Wamefunga mizigo nyuma ya kiti, chupa za maji zimening'inia, na nyuso zao zina furaha. Na kwa kweli wana haki ya kufurahi. Mtu anayeendesha baiskeli mara kwa mara huupa moyo wake mazoezi mazuri, hupunguza hatari ya presha na ugonjwa wa sukari, na magoti yake hayaumii kama ya mtu anayekimbia juu ya lami. Halafu kuna mandhari yenyewe. Unavuka daraja la Nyali, unavuka hori la Mtwapa, unapita katikati ya mashamba ya katani ya Vipingo, na unapofika daraja la Kilifi unasimama tu kutazama maji yale ya samawati na majahazi yaliyotia nanga chini yako. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka wa 1991, watu walivuka hapo kwa feri. Mbele zaidi kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, magofu ya Gede, na hatimaye Malindi.

Lakini, msikilizaji, sikuja kukusifia mandhari. Nimekuja kuzungumza juu ya joto, kwa sababu joto ndilo linalowaangusha watu katika safari hii, na wengi hawalijui hadi wamelala chini.

Hebu kwanza tupige hesabu. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120. Kilifi iko karibu katikati, kama kilomita 60. Mtu wa kawaida mwenye mzigo, akihesabu na vituo vidogo vya kunywa maji, huenda kama kilomita 15 kwa saa. Hiyo ina maana saa nne hadi Kilifi, na saa nne nyingine hadi Malindi. Jumla saa nane. Mtu husema, "Ah, mchana una saa kumi na mbili, nitafika tu."

Atafika, lakini tazama atakachopitia. Tuseme ameondoka Mombasa saa 12 asubuhi. Saa 4 yuko Kilifi, mwili bado una nguvu. Sasa jua linapanda. Kuanzia saa 4 hadi saa 9 alasiri ndiyo saa mbaya kabisa za kuendesha baiskeli Pwani. Akipumzika mpaka saa 9, atabakiwa na saa nne za kuendesha, na magharibi huingia kama saa 12 na nusu jioni. Atafika Malindi saa 1 usiku, akiwa gizani katika barabara yenye malori na matatu. Kwa hivyo wengi hufanya nini? Huondoa mapumziko. Hunywa soda moja pale Kilifi, hupiga picha, na kuendelea mbele juu ya lami inayochemka. Hapo ndipo shida huanzia.

Kwa maoni yangu, mtu ambaye si mwenyeji wa joto la Pwani asiifanye safari hii kwa siku moja. Alale Kilifi. Asubuhi ya pili aondoke mapema, na saa 4 atakuwa Malindi akinywa chai. Kama ana siku moja tu, basi achague nusu moja ya njia na airudie nusu ya pili mwaka mwingine. Barabara haihami.

Sasa tueleze joto lenyewe. Misuli ya miguu inapofanya kazi, takriban robo tu ya nguvu inayotumika ndiyo inayosukuma baiskeli. Robo tatu zinazobaki hugeuka kuwa joto ndani ya mwili. Ni kama injini ya gari, na injini isipopozwa huungua. Mwili hujipoza kwa jasho. Lakini sikiliza vizuri hapa: si kutoka kwa jasho kunakopoza, bali ni kukauka kwake. Jasho linapogeuka mvuke juu ya ngozi, huondoka na joto. Jasho linalodondoka chini kwenye lami limepotea bure. Umepoteza maji na chumvi, na hukupoa.

Na hewa ya Pwani, kama mnavyojua, imejaa unyevunyevu. Nguo iliyofuliwa Nairobi hukauka upesi, ya Mombasa huchelewa. Ngozi yako ni vivyo hivyo. Ndiyo maana nyuzi joto 32 za Mombasa humchosha mtu kuliko nyuzi hizo hizo katika mahali pakavu. Katika saa moja ya kuendesha baiskeli kwenye jua hilo, mtu anaweza kutokwa na lita moja ya jasho, na wengine hata zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo hata waendeshaji wazoefu hulisahau, nalo ni upepo. Katika miezi ya Kusi, yaani tangu Aprili au Mei hadi kama Septemba, upepo hutoka kusini. Mtu anayekwenda Malindi anausikia ukimsukuma mgongoni. Anafurahi, anasema leo baiskeli inakwenda yenyewe. Lakini upepo unaokwenda pamoja nawe hauipigi ngozi yako. Ukienda kwa kasi sawa na upepo, ni kama umekaa ndani ya chumba kisicho na dirisha. Jasho linakutiririka na halikauki. Nao upepo wa Kaskazi, wa Desemba hadi Machi, unakupiga usoni. Huo unapoza, lakini unakufanya ukaze miguu zaidi, na ndiyo miezi yenye joto kali, hususan Februari na Machi. Kwa hivyo kila msimu una mtego wake. Nikiulizwa, ningechagua Julai au Agosti, wakati joto la mchana Mombasa huwa kama nyuzi 27 au 28, na nikumbuke kwamba ule msukumo wa mgongoni si ishara ya kuongeza kasi.

Ndugu zetu wanaotoka bara wana shida yao ya ziada. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Mwili wa mtu wa huko haujajifunza joto. Mwili huhitaji kati ya wiki moja na mbili kuzoea. Katika siku hizo hujifunza kutoa jasho mapema na kulinda chumvi yake. Sasa mtu anapanda basi la usiku, analala ameketi, anashuka Mombasa alfajiri, anafunga baiskeli yake na kuanza safari saa hiyo hiyo. Mwili haujalala, haujazoea, na umeshaanza kukauka ndani ya basi. Tafadhali, pumzika angalau siku mbili au tatu. Endesha saa moja tu asubuhi kwa siku hizo, na hata baada ya hapo jichukulie kuwa bado mgeni.

Wapo watu katika barabara hii ambao hawahitaji kuambiwa haya. Ni wale wanaobeba madumu ya maji, makaa, mkate na mnazi kwa baiskeli nyeusi zisizo na giya. Uwachunguze. Wanatoka kungali giza. Jua la utosi likifika utawakuta chini ya mwembe au mkorosho, baiskeli imeegemezwa, wenyewe wamejilaza. Mgeni hudhani ni uvivu. Sivyo, wamekuwa wakifanya kazi hii kwa miaka, na hivyo ndivyo inavyofanyika bila kuvunja mwili.

Tuje kwenye maji. Kanuni rahisi ni hii: anza safari ukiwa tayari umekunywa, kisha kunywa kidogo kidogo, kila unapohisi kiu au kabla. Usingoje hadi koo likauke, wala usijaze tumbo lita nzima kwa mkupuo. Tazama mkojo wako. Ukiwa wa manjano hafifu, uko sawa. Ukiwa mzito wa rangi ya chai ya rangi, au ukipita saa tano bila kwenda haja ndogo, mwili umekauka. Simama.

Lakini maji matupu peke yake hayatoshi kwa siku nzima, na mtu anaweza hata kujidhuru nayo. Mtu anayetokwa na jasho jingi, akaendelea kunywa maji matupu mengi mno, huizimua chumvi iliyo katika damu yake. Kichwa kinamuuma, anatapika, vidole vinavimba, anachanganyikiwa, na ikizidi anaweza kupata kifafa cha ghafla. Wenzake wakidhani amekauka wakamnywesha maji zaidi, wanamzamisha. Dalili hizi zinafanana na za joto, kwa hivyo swali la kumuuliza au kuwauliza wenzake ni: amekunywa kiasi gani, na amekula nini chenye chumvi?

Dawa ya hili ni nyepesi na iko kando ya njia. Mahali pengi utakuta madafu. Dafu ni zuri, lina maji na madini ya potasiamu kwa wingi, ila sodiamu yake, yaani ile inayopatikana katika chumvi ya mezani, ni kidogo. Kwa hivyo kunywa dafu lako, halafu ule muhogo wa kukaanga wenye chumvi na ndimu, au karanga, au korosho zilizotiwa chumvi. Unaweza pia kujitengenezea kinywaji: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote viwe vimesawazishwa, si vya kilima. Onja, kisiwe na chumvi kuliko machozi. Pakiti za ORS za dukani ni nzuri vile vile. Mwenye presha aulize daktari wake kwanza kabla ya kujiongezea chumvi.

Maji yenyewe yawe salama. Visima vingi vya Pwani vina maji ya chumvichumvi, na kipindupindu si mgeni katika nchi yetu. Kunywa yaliyochemshwa, yaliyotiwa dawa au ya chupa. Mkifika Gede, kama mtaingia kutazama magofu, angalieni vile visima vya mawe. Mji ule ulihamwa karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa na wataalamu ni kushuka kwa maji visimani. Tangu mwaka wa 2024 uko katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Na miti yake mikubwa ina kivuli baridi, jambo ambalo mwendesha baiskeli huliona kabla ya historia.

(Muziki mfupi)

Sasa, msikilizaji, naomba unisikilize kwa makini zaidi, kwa maana hapa tunazungumzia uhai.

Tuseme vijana watano wanaendesha. Wamepita Mtwapa, wamepita Kikambala, na sasa wako katika mashamba ya katani ya Vipingo. Saa ni 5 na nusu. Katani haina kivuli. Ni mistari ya majani makali hadi upeo wa macho. Mmoja wao, tumwite wa nyuma, ameanza kubaki. Anasema kichwa kinamgonga. Anasikia kichefuchefu, miguu inakaza, ngozi ni baridi na imelowa jasho. Akili yake ni timamu, anajua yuko wapi. Hii ni hatua ya kwanza, uchovu wa joto. Msimhimize wala msimcheke. Mpelekeni kwenye kivuli, avue helmeti na viatu, alale miguu ikiwa juu kidogo, mmwagieni maji, mmpepee, na mmpe kinywaji chenye chumvi na sukari kidogo kidogo. Na kwa huyo, safari ya siku hiyo imekwisha. Apande matatu pamoja na baiskeli yake. Hata akisema baada ya nusu saa kwamba amepona, bado imekwisha.

Hatua ya pili ni tofauti. Kijana yule anaanza kuyumba barabarani. Ukimuuliza jina la mahali, anajibu maneno yasiyoeleweka, au anakasirika bila sababu, au anataka kuendelea na kugombana na anayemzuia. Wapita njia watasema amelewa mnazi. Usikubali haraka. Mtu aliyekuwa akiendesha baiskeli juani akabadilika akili, mhesabu kuwa amepigwa na joto mpaka ithibitishwe vingine. Joto la mwili wake huenda limepita nyuzi 40, na ubongo, ini na figo vinaanza kuharibika. Usisubiri ngozi ikauke. Watu wamefundishwa kwamba aliyepigwa na joto hatoi jasho. Mwendesha baiskeli anaweza kuwa ameloa chapachapa na bado yuko hatarini.

Jambo ambalo wengi hufanya ni kumtupa ndani ya gari na kukimbia hospitali. Nia ni njema, lakini zile dakika 40 ndani ya gari lenye joto ndizo zinazomaliza ubongo. Mpoze kwanza, pale pale alipo. Mwenzako mmoja apige simu ya dharura, 999 au 112, au atafute gari, na wengine mshughulike na maji. Mvueni nguo za juu. Mwagieni maji mwili mzima, mengi, bila kukoma. Maji ya dumu, ya bomba la shamba, hata ya chumvi, yote ni maji. Loweni leso na mashati mmfunike, na mzibadilishe kila zinapopata joto. Mpepeeni kwa kadibodi, kwa gunia, kwa chochote. Kama kuna muuza samaki au duka la soda karibu, ombeni barafu, iwekwe shingoni, kwapani na kwenye mapaja kwa ndani. Lengo ni kumpoza ndani ya nusu saa ya kwanza. Gari likifika kabla hajapoa, endeleeni kumwagia maji ndani ya gari madirisha yakiwa wazi.

Msimpeleke baharini, kwa kuwa mtu aliyechanganyikiwa huzama. Msimpe kitu cha kunywa kama hajitambui sawasawa, kwa maana kitaingia mapafuni. Akizimia, mlazeni kwa ubavu. Na panadol au aspirini hazisaidii hapa. Hizo hushusha homa ya ugonjwa, si joto la jua. Akisha kupoa ni lazima afike hospitali hata kama anazungumza vizuri, kwa sababu madhara ya figo na ini hujitokeza baadaye. Hospitali kubwa za serikali kwenye njia hii ziko Mombasa, Kilifi na Malindi.

Wapo ambao wanapaswa kumwona daktari kabla ya kufikiria safari hii: wenye ugonjwa wa moyo, wanaotumia dawa za presha za kukojosha, wenye selimundu, na wenye sukari wanaojidunga insulini, maana mazoezi ya siku nzima hushusha sukari na kipimo cha dawa huenda kikahitaji kubadilishwa. Aliyekuwa akiharisha au mwenye homa siku ile asiende. Na mgeni wa bara alale ndani ya chandarua. Pwani kuna malaria, na homa inayokuja siku kumi au zaidi baada ya safari isihesabiwe kuwa ni uchovu wa baiskeli. Aende akapimwe.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Vidole viwili vya mwisho vikifa ganzi, unaegemea mno usukani; badilisha mshiko kila dakika chache. Sehemu za siri zikifa ganzi, simama kwenye pedali mara kwa mara, na kiti kirekebishwe urefu na mwelekeo. Nguo ya ndani iwe kavu na bila mshono mnene, la sivyo utapata vidonda siku ya pili. Vaa shati jepesi la mikono mirefu lenye rangi ya kung'aa, ambalo dereva ataliona kutoka mbali. Helmeti ivaliwe hata kwenye joto. Ina matundu, kichwa hakina. Kundi liende kwa mstari mmoja, na juu ya daraja la Kilifi jihadharini na upepo wa ubavuni, hasa lori linapowapita.

Ukifika Malindi jioni, usianze na pombe. Kunywa maji, kula wali wako na samaki na mchuzi wenye chumvi yake, oga maji baridi, na uangalie ule mkojo tena kabla ya kulala. Asubuhi, kabla hujaamua kama utarudi kwa baiskeli au kwa basi, simama wima haraka kutoka kitandani. Kichwa kikizunguka, nenda kituo cha basi.

Muda wetu umekwisha. Kipindi kijacho tutazungumzia meno ya watoto wadogo, kwa hivyo akina mama na akina baba, msikose. Mimi nawaaga. Kwaherini.